Gari Nililolichagua kwa Sifa, na Mzee Aliyekuwa Akitusubiri

Nina miaka arobaini na nne. Nina mke, watoto watatu na duka la vifaa vya ujenzi pale Misugusugu, Kibaha, kando ya barabara. Jina langu naomba nilifiche. Siogopi kushtakiwa, hapana... ni aibu tu. Wateja wangu wananiita "mzee wa msimamo", na mimi huitika! Laiti wangejua.

Wasomaji wenzangu, nimesoma mikasa yenu mingi. Mmeachwa, mmetapeliwa, mmegeukwa na watu mliowaamini, na mimi nimekaa dukani nikiwahurumia huku nikitikisa kichwa. Leo siji kwenu kulia kwamba nimetendwa. Mimi ndiye niliyetenda. Naandika haya mchana kweupe, mlango wa duka nimeurudishia, mteja akigonga namwambia saruji imeisha.

Mke wangu nitamwita Mwanaidi. Kwao ni Kisarawe, ndani ndani huko, ukishaipita Maneromango unaiacha barabara kubwa na kushika njia ya mashamba. Kiangazi ni safari ya kawaida, vumbi tu. Lakini masika yakianza... weka mbali na watoto! Kuna bonde la mpunga ambalo hujaa maji, na ukilivuka unakutana na mlima wa udongo mwekundu unaoteleza hata kwa mtembea kwa miguu. Gari dogo halipandi. Pikipiki zenyewe siku ya mvua kubwa hulazwa ndani.

Mwanaidi ndiye mtoto pekee aliyebaki kwa baba yake, Mzee Kondo. Kaka zake wawili walitangulia mbele ya haki wakiwa bado vijana. Kwa hiyo kila masika baba na binti walikuwa wanatenganishwa na lile bonde, wanabaki kusikilizana kwenye simu, tena mzee mpaka apande kichuguu nyuma ya nyumba ndipo mtandao ukamate. Alikuwa anamuuliza mwanawe kwa utani, "Hizi mvua zikiisha utanikuta?" Mwanaidi akikata simu alikuwa anaingia chumbani na kufunga mlango. Mimi najua alikuwa anafanya nini humo.

Basi msimu mmoja wa korosho, mzee akavuna, akauza, akaniita. Tulikaa kibarazani kwake mimi na yeye tu. Akanikabidhi fedha zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa cha kanga, akaniambia anajua ninajikusanya ninunue gari, niongezee hizo. Maneno yake nayakumbuka yote. "Mkwe, mimi sitaki gari la kupendeza. Mimi nataka gari litakaloniletea mwanangu masika."

Nilipokea kwa mikono miwili. Nikamjibu, "Mzee, hilo niachie mimi."

Hilo niachie mimi! Ndugu zangu, hayo maneno sasa nikiyasikia hata kwa mtu mwingine, nainuka naondoka.

Tukaanza kutafuta. Tulikuwa tunataka gari la mkononi, refu kidogo, la kubeba familia nzima na mizigo, na liwe fowili, yaani linalovuta kwa magurudumu yote manne. Watoto walifurahi kupita kiasi. Walikuwa wameona kwenye simu familia za watu zinapanda vilima na kukatiza vijito, nao wakataka baba yao awapeleke porini kila mwisho wa wiki. Binti yangu mkubwa, Rahma, akawa anachagua rangi kabla hata gari halijaonekana.

La kwanza tulilionea Kongowe, hii ya kwetu Kibaha, kwa mwalimu mmoja mstaafu, mama wa makamo. Jamani, lilikuwa baya! Umbo la sanduku, rangi imepauka, mlango mmoja wa nyuma umetolewa kwenye gari jingine kwa hiyo ni wa kijani wakati gari lenyewe ni la kijivu. Viti vimeshonewa vitambaa vya maua. Lakini yule mwalimu hakutupigia porojo. Alituambia tupande, akatupeleka kwenye kichaka nyuma ya kwake ambako kuna mteremko wa mchanga, akavuta gia ndogo ya fowili, akaupanda taratibu huku anatusimulia habari za mihogo yake. Akashuka, akapanda tena. Akamwambia mke wangu ashuke aangalie magurudumu ya mbele yanavyokamata mchanga. Mwanaidi akashuka, akaangalia, akarudi anacheka.

Akaninong'oneza, "Baba Rahma, hili hapa. Hili litatufikisha kwa baba."

Nilimwambia tusiwe na haraka. Ukweli ni kwamba nilikuwa naliona lile gari limesimama mbele ya duka langu, na mlango wake wa kijani, na majirani zangu wa pale barabarani wakinong'ona. Jirani yangu wa duka la rangi alikuwa ametoka kununua gari jeupe linalong'aa mpaka unajiona sura. Ningeanzia wapi mimi, mzee wa msimamo, kushuka kwenye sanduku lenye viti vya maua? Watu wangesemaje? Huo ndio ulikuwa wasiwasi wangu mkubwa duniani siku zile.

Wiki iliyofuata nikaenda peke yangu kwa dalali mmoja wa magari. Sitamtaja. Huyu alinionyesha gari lingine, rangi ya fedha inayometa, rimu za kuvutia, kioo cha juu kinafunguka, ndani linanukia kama duka la manukato. Ndugu zangu, nililipenda kama kijana anavyopenda. Nililizunguka, nikaligusa boneti, nikakaa nyuma ya usukani nikajitazama kwenye kioo.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mnielewe. Madalali tunawasema sana kwamba ni waongo. Yule wangu hakunidanganya hata neno moja! Aliinama chini ya gari, akaniita niiname naye, akanionyesha mahali palipokuwa wazi. Akaniambia, "Kaka, nikwambie ukweli. Mwenyewe alikuwa anatembelea lami tu, akatoa shafti ya mbele ili lisile mafuta. Fowili hapa haipo, linavuta nyuma peke yake."

Shafti ya mbele ni kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu za injini kwenye magurudumu ya mbele. Mafundi wetu mitaani huwa wanaitoa kabisa, watu wanabana matumizi. Dalali akanionyesha kuwa chuma chenyewe kipo, kimefungwa kwenye gunia, kimelazwa kwenye buti. Ukitaka, fundi anakirudisha, ila viungio vyake vimelika, vinataka kubadilishwa.

Nikamuuliza, je, gia ndogo ya fowili inafanya kazi? Akacheka. Akaivuta. Kwenye dashibodi ikawaka taa ndogo ya kijani yenye picha ya gari, magurudumu yote manne yakionekana. Akasema hiyo taa itawaka tu, yenyewe haijui kama chini hakuna kitu.

Nikanunua! Tena kwa sababu hiyo nilipunguziwa bei, na kwa kilichobaki sikununua viungio. Nilinunua redio kubwa na vifuniko vya viti.

Nilipofika nyumbani watoto walipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Mwanaidi alilizunguka gari, akaniuliza swali moja tu, kama na hili linapanda kama lile la mwalimu. Nikamwambia linapanda kuliko lile. Nikamketisha mbele, nikavuta gia ndogo, ile taa ya kijani ikawaka. Akashika mdomo kwa furaha. Gunia la shafti nililitoa baadaye kimyakimya nikaliingiza stoo, nyuma ya ndoo za rangi na mabati mabovu.

Nilijiambia nitairudisha. Wallahi nilijiambia hivyo! Masika bado mbali, nikasema. Nikimaliza mwezi huu nampelekea fundi. Mwezi ukaisha, ukaja mwingine. Nilipokuwa nikijaza mafuta na kuona yanavyodumu, nikawa naona kama nina akili sana.

Kile kiangazi tulitembea kwelikweli. Kila Jumapili tulikuwa tunatoka, mara tunakatiza Soga tunavuka reli, mara tunaingia njia za misitu upande wa Kisarawe, tunapika wali chini ya miti, watoto wanarudi wamejaa vumbi mpaka kwenye kope. Tukifika kwenye kilima chochote walikuwa wanaimba nyuma, "Baba weka fowili! Baba weka fowili!" Na mimi navuta gia ndogo, taa inawaka, wanapiga makofi! Udongo mkavu hauna kazi, gari linapanda kwa magurudumu ya nyuma, na mimi najinyoosha kwenye kiti. Mke wangu ananitazama kwa macho ya mapenzi. Hivi mnaijua ladha ya sifa usiyostahili? Ni tamu, msidanganyike. Mimi ilininogea.

Tulikwenda nalo kwa Mzee Kondo kabla ya mvua. Mzee alivaa kanzu yake safi, akaita majirani, wakakaa mkekani mbele ya gari, ukachomwa ubani, ikasomwa dua. Aliomba gari lile liwe la heri, liunganishe ndugu. Halafu akaniomba aingie ndani. Akauliza, "Ndiyo hili linalovuta miguu yote?" Nikavuta gia. Taa ikawaka. Mzee akanyoosha kidole chake kikavu akaigusa ile taa, akaishikilia kidogo.

"Alhamdulillahi," akasema. "Sasa hata mvua inyeshe namna gani."

Nikaitikia, "Amina, mzee." Sijui ulimi wangu ulitengenezwa na nini.

Masika yakaanza. Yakapiga kwa hasira, mitaro ya Misugusugu ikafurika, mbele ya duka pakawa ziwa. Asubuhi moja simu ya Mwanaidi ikalia. Alikuwa ni mjomba wake. Mzee alikuwa amezidiwa tangu jana yake, kifua kimembana, halali, na anamtaja mwanawe tu. Anauliza ameshatoka Kibaha? Amefika wapi?

Mwanaidi hakulia. Alisema, "Tuna gari." Akawapeleka watoto kwa jirani, akapika uji wa mchele, akautia kwenye chupa ya chai, kwa sababu baba yake akiumwa hali kitu kingine. Akajifunga kanga juu ya gauni, akaingia kwenye gari, akaniita niwahi.

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa stoo.

Wasomaji wangu, hapo ndipo Mungu aliponipa nafasi ya mwisho. Fundi alikuwa mtaa wa pili. Ningesema tu, "Mama Rahma, nisamehe, nilikudanganya, ngoja kwanza tufunge hiki chuma." Angenitukana, angelia, labda angetafuta gari la mtu mwingine lenye fowili ya kweli, na wapo watu pale pale Kibaha ambao wangetusaidia! Yote yalikuwa yanawezekana. Lakini nilimtazama amekaa kule mbele na chupa yake mapajani, ananiamini... nikashindwa. Nikafunga mlango wa stoo. Nikajiambia labda mvua kule haijanyesha sana. Labda wamemwaga kifusi mlimani. Labda, labda, labda!

Njia nzima nilikuwa naongea. Mimi nikiwa na hatia huwa naongea sana. Nilimsimulia habari za bei ya nondo, habari za mteja mkorofi, mpaka akaniomba ninyamaze amsomee baba yake Yasini.

Bondeni tulipita kwa kudra za Mungu, maji yakiwa yamefika kwenye vizingiti vya milango. Tukaanza mlima. Gari likapanda kidogo, likaanza kuserereka nyuma. Mwanaidi akasema, "Weka fowili, Baba Rahma."

Nikavuta gia. Taa ya kijani ikawaka, nzuri kabisa, kama siku zote.

Nikakanyaga mafuta. Magurudumu ya nyuma yakazunguka, yakatupa tope mpaka kwenye mikorosho, gari likageuka ubavu na kuteremkia mtaroni. Nikajaribu tena. Likazidi kuzama. Mwanaidi akavua viatu, akashuka kwenye tope lililomfika kwenye vigimbi, akaenda mbele, akainama. Alikuwa anakumbuka alichofundishwa na yule mwalimu wa Kongowe.

Akasema, "Mbona haya ya mbele hayazunguki?"

Hakuniuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtoto anavyouliza. Na mimi, badala ya kusema, nikamjibu kwamba gari hili ni la kisasa, ya mbele yanasubiri ya nyuma yakishindwa kabisa. Mnaona? Baba yake anakata roho ng'ambo ya mlima huo, na mimi bado natunga!

Akaamini. Akaanza kukata matawi ya mikorosho kwa mikono yake na kuyatupia chini ya matairi. Watu waliokuwa mashambani wakaja wakasukuma, wakateleza, wakaanguka, wakainuka wakasukuma tena. Wanaume wazima wamejaa tope mpaka usoni kwa ajili ya uongo wangu. Simu hazishiki. Pikipiki hakuna. Jua hatukuliona siku ile, ila tulijua Adhuhuri imeingia kwa sababu tulisikia adhana kwa mbali. Mwishowe Mwanaidi akachukua chupa yake ya uji, akaniambia, "Twende kwa miguu."

Tulitembea. Alianguka, nikamwinua. Akaanguka tena, hakutaka nimwinue, alikuwa ameikumbatia ile chupa isivunjike. Mvua ikapungua, ikazidi, ikapungua. Karibu na kijiji tukakutana na wanaume wawili wanakuja upande wetu, suruali wamekunja, majembe mabegani. Hawakutujua. Mmoja akatusalimu, akauliza kama tunakwenda msibani.

Mwanaidi akauliza, "Msiba wa nani?"

Yule bwana akajibu kwa upole tu, "Wa Mzee Kondo. Poleni, ila mmechelewa. Tumeshazika."

Nilitegemea atapiga yowe. Hakupiga. Alikaa chini pale pale njiani, kwenye tope, akaiweka ile chupa mbele yake, akaifungua. Mvuke ukatoka. Uji ulikuwa bado wa moto.

Siwezi kueleza zaidi hapo. Naomba mnisamehe.

Tulipofika, nyumba imejaa. Mama mkwe alikuwa ndani, amezungukwa na kina mama, alipomuona mwanawe alivyo tope tupu akamvuta kifuani. Alimsimulia saa za mwisho, na mimi nilikuwa nje ya dirisha, nikasikia kila kitu. Mzee aliomba ageuzwe aelekee njiani. Kila alipodhani amesikia mlio, aliinua kichwa. Wakamwambia hakuna kitu, mzee, pumzika. Akawa anasema, "Watafika. Gari lao linavuta miguu yote." Akayarudia hayo mpaka ulimi ukawa mzito. Alifariki kabla ya Adhuhuri.

Na kuna jingine. Wazee walitaka wazike baada ya Adhuhuri, kama ilivyo kawaida yetu kutomchelewesha marehemu. Mjomba akawazuia. Akawaambia wavute subira mpaka Alasiri ili binti amuone baba yake uso kwa mara ya mwisho, maana mkwe ana gari la nguvu. Wakasubiri. Watu wa vijiji vya jirani wakasubiri mvuani, maiti imeshaoshwa na kukafiniwa, kwa sababu ya gari langu! Alasiri ikafika, wakaswali, wakaangalia njia... wakamchukua.

Sasa sikieni adhabu yangu ilivyokuja. Nilidhani nitalaumiwa. Nilisifiwa! Mjomba alisimama mbele ya watu, akasema mkwe huyu ni mtu, ameacha gari mtaroni akamleta mke wake kwa miguu, wakwe wa namna hii wamebaki wachache. Wakaniombea dua. Wakaliombea na gari. Watu wazima wakanishika mkono mmoja mmoja wakiniambia "Umejitahidi, baba, ni mipango ya Mungu". Na mimi naitikia, "Ni mipango ya Mungu." Nilimsingizia Mungu, ndugu zangu, mbele ya kaburi bichi.

Baada ya arobaini, gari likiwa limeshatolewa mtaroni, maisha yakarudi, au niseme nilijifanya yamerudi. Mwanaidi hakunishuku. Akasema gari ni chuma, lina siku yake. Alivyokuwa akinifariji ndivyo nilivyozidi kukonda. Chakula hakipiti. Watoto wakiomba twende porini nasema gari lina hitilafu. Lile la mwalimu lilinunuliwa na bwana mmoja wa Soga, anabebea miche ya minazi, na likipita mbele ya duka na mlango wake wa kijani mimi nageuza uso.

Mama mkwe alimaliza eda, akakubali kuja kuishi na sisi baada ya kuvuna korosho. Mwanaidi akaamua stoo iwe chumba chake. Siku hiyo nilikuwa dukani. Nimerudi mchana kula, namkuta amekaa sebuleni sakafuni, na mbele yake gunia limefunguliwa. Ile shafti ameifuta grisi yote kwa kanga yake kuukuu.

Alikuwa ameshapiga simu kwa dalali. Namba aliikuta kwenye simu yangu ya zamani anayochezea mtoto. Dalali kamweleza kila kitu, hakuficha, maana huyo hajui kuficha!

Nilipiga magoti. Nililia, nikasema nilitaka kuirudisha, nikasema masika yalinishtukiza, nikasema nampenda. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno. Halafu akaniuliza jambo moja tu.

"Siku ile, ulipokuwa umesimama mlangoni mwa stoo... ulikuwa unakiangalia hiki?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Hakunipiga wala hakunitukana. Natamani angenipiga! Aliinuka akasema kaifunge, halafu uende kwa mama umwambie mwenyewe, kwa mdomo wako, mimi siendi na wewe. Kuanzia siku ile hajapanda gari lile mpaka leo. Akienda popote anapanda bodaboda, akiwa na watoto wanapanda basi. Rahma aliuliza kwa nini, akajibiwa amuulize baba. Bado hajaniuliza, na kila jioni naogopa ataniuliza.

Nilimpelekea fundi chuma changu. Viungio vikabadilishwa, shafti ikafungwa, asubuhi moja tu kazi imekwisha. Asubuhi moja!

Nikaondoka peke yangu. Vuli ilikuwa imeanza, bonde limejaa, mlima umelowa vilevile. Nilivuta gia ndogo, taa ya kijani ikawaka, na safari hii chini kulikuwa na kitu. Magurudumu ya mbele yakakamata tope, gari likapanda taratibu, bila kelele, bila hata kuserereka, nikajikuta nimefika juu kabla sijajiandaa. Nilisimamisha gari nikalia kama mtoto. Lilikuwa linaweza. Siku zote lilikuwa linaweza!

Mama mkwe nilimkuta anachagua korosho uani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa furaha, akaniuliza njia ikoje, akashangaa nimefika mapema. Nikakaa chini. Nikamwambia yote, kuanzia mlango wa kijani mpaka gunia. Sikuacha kitu. Mikono yake iliendelea kuchagua korosho, ikapungua kasi, ikasimama.

Nilikuwa najiandaa kufukuzwa. Ndipo akasema, kwa sauti ileile ya upole aliyonikaribishia nilipokuja kuposa:

"Mimi kwa upande wangu nimekusamehe, baba. Nimekusamehe duniani na akhera." Akapangusa mikono kwenye kanga. "Ila haki ya mzee si yangu. Hiyo ilikuwa umuombe mwenyewe... na mwenyewe hayupo."

Akarudi kwenye korosho zake.

Nilikwenda kaburini. Nilisimama pale nikamuomba msamaha kwa sauti, mtu mzima naongea na udongo. Nimefanya hivyo mara nyingi tangu wakati huo. Sijibiwi. Mama mkwe tunaishi naye sasa hapa Misugusugu, ananipakulia chakula, ananiita baba kama zamani, na sijawahi kuona mtu anayeniumiza zaidi kwa wema wake. Mwanaidi yupo, hajaondoka. Tunaongea habari za ada na chumvi.

Ndugu yangu unayesoma, kama unatafuta gari la familia la kupita njia mbaya, nakuomba uiname chini uangalie kwa macho yako. Usiangalie rimu. Usiangalie majirani. Mpeleke muuzaji kwenye mchanga au tope, shuka, tazama magurudumu ya mbele kama yanazunguka, na usiiamini taa. Likiwa baya na linafika, nunua, waache wacheke.

Lakini najua wengi wenu hamna haja ya gari. Nyinyi nawaomba jambo jingine. Kama kuna kitu umekifungia kwenye gunia, umekificha stoo, unajiambia utakitoa mwezi ujao... kitoe leo. Kubali ulaumiwe leo, utukanwe leo, ulale njaa leo. Nenda kamwambie mwenye haki yake wakati bado anaweza kukujibu.

Mimi wa kwangu aligeuzwa aelekee njiani, akanisubiri, nikachelewa.